Mwiba wa Ngege na Ile Video Mliyokwisha Kuiona

Kwa kuwa rafiki yangu ameona vyema kuisambaza ile video ya mimi nikikwamwa na mwiba wa ngege, yaani tilapia, mkahawani, kabla hata ganzi ya hospitali haijanitoka kooni, nimelazimika kuandika haya leo hii, sauti yangu ikiwa bado ya jogoo anayejifunza kuwika, ili angalau muusikie na upande wangu. Kwanza, sikulia. Yale machozi mnayoyaona yanatoka kooni, hayatoki moyoni, na daktari amenithibitishia kwamba hutiririka yenyewe. Pili, wanaouliza kama palikuwa na mbuzi karibu na mkahawa, hapakuwa na mbuzi. Ile sauti ni yangu.

Nyinyi mnaonifuata mnakijua cheo cha mshauri wa vyakula nilichojipa mwenyewe bila kupigiwa kura. Anayetaka pilau katikati ya jiji la Nairobi humwelekeza Malindi Dishes, Barabara ya Gaberone. Anayetamani vyakula vya watu wa ziwa humpeleka kwa K'Osewe kule Mtaa wa Kimathi. Na anayefunga safari ya Unguja humwandikia, hata kama hakuniuliza, kwamba jioni aende bustani ya Forodhani akanywe maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na mchana wa kesho yake ale mkahawa wa Lukmaan, pale Mkunazini. Ndiyo maana shangazi yake rafiki yangu alipofika Nairobi kutoka Kilifi, pamoja na mjukuu wake wa miaka minne, kazi ya kuchagua mahali pa chakula cha Jumamosi iliniangukia mimi.

Nikachagua samaki. Naomba mlitafakari jambo hilo kwa utulivu: mwanamke aliyezaliwa, akakua na kuzeeka pwani, baba yake mvuvi na kaka zake wavuvi, nikamleta Nairobi, mji usio na bahari wala ziwa, ili nimfundishe kula samaki. Mkahawa wenyewe sitautaja, kwa sababu haukukosa lolote. Samaki aliletwa na miiba yake kama alivyoumbwa.

Tulinawa, na sinia likaja likiwa na ngege wawili wakubwa waliokaangwa kisha wakatiwa mchuzi wa nyanya, ugali, sukuma wiki na kachumbari. Nami nikaanza darasa. Nilimweleza Shangazi jinsi ya kumtofautisha ngege wa ziwani na yule anayekuja kutoka China akiwa kwenye barafu. Nikamweleza kwamba mbuta, yaani sangara, hakuwa mwenyeji wa Ziwa Victoria, bali alipandikizwa humo miaka ya 1950, akawamaliza wengi wa fulu, wale samaki wadogo waliokuwa wamejaa humo, na leo minofu yake husafirishwa hadi Ulaya. Nikamsimulia kwamba mwaka 2016 Mark Zuckerberg, yule mwenye Facebook, alipokuja Nairobi alikula kwa Mama Oliech, mkahawa wa mama yake mwanasoka Dennis Oliech, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kula ngege mzima kwa ugali. Shangazi aliitikia kila jambo kwa neno moja tu, "Eeh," huku vidole vyake vikimchambulia mjukuu samaki: kidole gumba na cha shahada vinasugua kila kipande taratibu, vikipapasa, kisha mwiba mwembamba kama unywele unawekwa pembeni mwa sahani, umelala sambamba na wenzake. Mtoto alikula kimya, macho yake yakiwa kwangu.

"Mwanangu," Shangazi aliniambia mara moja, kwa upole, "mtu akila samaki huwa hazungumzi."

Nilicheka. Nilimjibu kwamba hilo ni la samaki wenye hila, kama mwatiko wao wa Kilifi anayefugwa kwenye mabwawa kando ya mikoko, ambaye miiba yake inapita mia mbili, ilhali ngege ni samaki mwaminifu, miiba yake ni mikubwa na inaonekana. Maneno hayo niliyatamka kwa kinywa changu mwenyewe, na kwa bahati mbaya yamo kwenye video, kwa kuwa rafiki yangu alikuwa amekwisha kuanza kunirekodi akidhani ninatengeneza kitu cha kuwawekea nyinyi.

Tonge lililofuata lilikuwa na kipande cha mgongoni, karibu na pezi. Wakati huo simulizi langu lilikuwa limefika Istanbul, pale Eminönü karibu na daraja la Galata, ambako huchoma makareli na kumtia ndani ya mkate pamoja na vitunguu na ndimu. Nilikuwa nikisema hivi: "Hata kule, Shangazi, siri ni moja tu, mwiba hauwezi kumdanganya mtu aliye—" nami nikameza. Neno "aliyezoea" halijatoka mpaka sasa.

Mwanzoni hayakuwa maumivu, ila kitu kidogo tu, kama uzi wa mswaki uliobaki kooni. Nilinyamaza, nikatabasamu, nikatikisa kichwa kama mtu anayeufikiria uzuri wa Istanbul. Nikanywa fundo moja la soda. Mwiba ukanichoma. Nikameza mate ili nihakikishe, ukanichoma tena palepale, na hapo nikagundua jambo ambalo mtu mzima hapaswi kuligundua hadharani: mate hujaa haraka zaidi pale unapoogopa kuyameza. Yakajaa. Nikawaza niyateme kwenye kitambaa, lakini Shangazi alikuwa akinitazama. Nikawaza nimeze, lakini koo lilikuwa limefunga mlango. Basi nikajaribu kukohoa kistaarabu, kinywa kikiwa kimefungwa, na ndipo ilipotoka ile sauti.

Televisheni ya ukutani ilikuwa ikionyesha mpira, na ukumbi mzima ulikuwa umeipa macho. Kwa sauti hiyo, ukumbi mzima ukaniangalia mimi. Mhudumu alifika mbio akiwa na ugali wa moto. Mzee mmoja wa meza ya jirani, ambaye sikumwomba ushauri, alisimama na kuamuru nimeze tonge kubwa bila kutafuna. Nikameza. Mwingine akasema ndizi mbivu, ikaletwa, nikameza. Kijana mwenye fulana ya timu iliyokuwa ikifungwa alinipiga mgongoni kwa hasira ambazo nadhani hazikunihusu. Nikameza tonge la pili na la tatu, machozi yakitiririka, kamasi nayo ikijitokeza bila haya, huku mwiba ukizidi kujisogeza ndani kama mgeni anayeingia chumbani baada ya kukaribishwa sebuleni tu.

"Acheni kumlisha!" Shangazi alisema, na watu wote wakaacha, akiwemo yule mzee. Akanishika kidevu kwa mkono ule uliokuwa ukichambua samaki, akaniambia nifunue kinywa. Nikafunua. Akaamuru ateuliwe mtu wa kumulika. Rafiki yangu akamulika kwa tochi ya simu, ileile simu, bila kusimamisha video, na ndiyo sababu mmepata nafasi ya kuyaona magego yangu yote pamoja na sukuma wiki iliyokuwa imebaki kati yake. Shangazi alichungulia kwa muda mrefu, kama mtu anayechungulia kisima.

"Nauona," akasema. "Lakini huu si wa mkono wangu. Mpelekeni hospitali."

Katika ukimya uliofuata, mjukuu wake akauliza kwa sauti safi iliyosikika hadi jikoni: "Bibi, mbona yeye hukumchambulia?"

Yaliyobaki ni mafupi. Ndani ya teksi rafiki yangu alinikumbusha kwamba Zuckerberg alikula wake akarudi Marekani mzima. Hospitali tulingoja kwa muda wa saa tatu. Daktari wa masikio, pua na koo alinipulizia dawa ya ganzi, akaingiza koleo refu, na mwiba ukatoka kabla sijamaliza kuogopa. Ulikuwa wa sentimita moja na nusu, mweupe, na usio na haya yoyote. Aliniambia kwamba yale matonge ya ugali ndiyo yaliyousukuma ndani zaidi, na kwamba tungekuja mapema angeutoa kwa sekunde chache. Kisha akaniuliza, ili tu aandike kwenye karatasi zake, nilikuwa nikila samaki gani, nami kwa koo lililokufa ganzi nikajikuta nikimweleza tofauti ya ngege wa ziwani na yule wa China, mpaka muuguzi akanipa bili ili ninyamaze. Bili hiyo ingetulisha sote wanne samaki mpaka mwisho wa mwezi.

Nilipofika nyumbani video ilikuwa imekwisha kunitangulia, ikiwa na maneno haya chini yake: "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole." Jamaa zangu wawili wameniambia pole hata hivyo. Mmoja wao aliniomba jina la mkahawa, kwa kuwa samaki alionekana mtamu.

Asubuhi ya leo, kabla ya kupanda basi la kurudi kwao, Shangazi alinipigia simu kuniuliza hali. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti yangu ya jogoo, akaniitikia marahaba bila kucheka, jambo ambalo nitalikumbuka daima. Amenialika Kilifi mwezi ujao tukale mwatiko, na amesema nisiwe na wasiwasi, kwa sababu nitakaa mkeka mmoja na mjukuu wake, naye atatuchambulia sote wawili kwa pamoja. Nilimshukuru sana, kisha nikamuuliza kama wanafuga kuku.