Nyumba ya Killeen si shamba la babu

Barua ya uhamisho ikishatoka, jeshi halimsubiri mtu auze nyumba kwanza. Tarehe ya kuripoti imeandikwa, lori la kubeba vyombo limepangiwa siku, watoto wanatafutiwa shule katika mji ambao hamjawahi kuukanyaga. Nyumba iko sokoni na mnunuzi hajaonekana. Hapo ndipo familia nyingi hufunga mlango, huacha bango la kuuza mbele ya nyumba, na kuondoka zikiamini kwamba mtu wa bei yao atakuja tu. Mimi ni mke wa mwanajeshi wa Marekani. Tumeishi Killeen, Texas, jirani na Fort Hood, na sasa tuko jimbo la Washington. Msimamo wangu ni kwamba nyumba tupu inayosubiri bei ni hasara kubwa kuliko nyumba iliyouzwa chini kidogo ya ulivyotaka, na kubwa kuliko nyumba iliyopangishwa.

Kwa nini watu wetu wanaliendea jambo hili kwa urahisi, ninaelewa. Wakenya waliovaa gwanda za Marekani si wachache. Baadhi yao waliingia kupitia MAVNI, mpango ulioanza 2009 wa kuandikisha wahamiaji wenye taaluma ya tiba au lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo, hadi uliposimamishwa 2016. Mtu aliapa, akapata uraia, akapangiwa kituo, na baada ya muda akanunua nyumba kwa mkopo wa VA, ule unaodhaminiwa na idara ya serikali ya waliotumikia jeshi, bila kutanguliza hata senti. Kwa kijana aliyelelewa kwenye chumba cha kupanga Kayole, hati ya nyumba yenye jina lake ni jambo kubwa mno. Kisha akipiga simu nyumbani kusema anataka kuuza, mzee anamuuliza, "Mwanangu, mtu anauzaje boma lake?"

Wazee wetu nawaheshimu, na kuhusu shamba wana haki. Shamba ukiliacha miaka mitano utalikuta. Nyumba ya Killeen haikai hivyo. Benki inataka pesa yake kila mwezi, kodi ya majengo ya Texas ni ya juu ukiilinganisha na majimbo mengi, na nyasi zikirefuka mji unakutumia onyo. Tena usisahau kwamba deni bado ni kubwa kuliko sehemu yako. Miaka ya kwanza ya mkopo wa miaka 30, fungu kubwa la unacholipa ni riba.

Hesabu inayowashika watu vibaya ni ya BAH, posho ya makazi. Inakadiriwa kwa cheo, kwa kuwa na wategemezi au kutokuwa nao, na kwa eneo la kituo. Ukisharipoti kituo kipya, posho inafuata kituo kipya, isipokuwa umeomba kibali maalumu ukakubaliwa. Nayo ni moja. Ukitoka Killeen kuja Tacoma, huku Washington, itapanda, ni kweli, lakini itapanda kwa sababu kodi ya kupanga nyumba Tacoma ni ghali, na mwenye nyumba wa huko ataichukua yote. Mkopo wa kule ulikotoka sasa unalipwa kutoka kwenye mshahara. Posho ya DLA itakusaidia gharama za kuhama, ile ya TLE itakulipia malazi ya siku za mwanzo, na hakuna hata moja iliyowekwa kwa ajili ya nyumba uliyoiacha nyuma. Bei zilipoporomoka miaka ya 2007 na 2008, Marekani iliupanua mpango wa HAP mwaka 2009 ili kuwafidia wanajeshi waliohamishwa wakalazimika kuuza kwa hasara. Upanuzi huo ulihusu uhamisho wa hadi Septemba 2012 tu. Anayepata uhamisho wa kawaida leo akauza kwa hasara, hasara ni yake.

Na kuna hatari ambayo haiko kwenye hesabu ya mwezi. Februari 2021 baridi kali iliishika Texas, umeme ukakatika, mabomba yakaganda. Mtaani kwetu kulikuwa na nyumba ya familia iliyokwisha kuhamishiwa jimbo jingine, ikisubiri mnunuzi. Bomba lilipasuka juu ya dari. Kwa kuwa hakukuwa na mtu ndani, maji yalimwagika mpaka jirani alipoyaona yakitoka chini ya mlango wa gereji na kugeuka barafu kwenye saruji. Tulipoingia na aliyekuwa na ufunguo, dari ya sebule ilikuwa imelala sakafuni, imeloa kama ugali uliomwagiwa maji, na zulia lilikuwa likitoa sauti kila ukikanyaga. Kampuni ya bima ilipopigiwa simu, swali la kwanza lilikuwa nyumba imekaa tupu kwa muda gani. Bima nyingi za nyumba za Marekani hupunguza au huondoa kinga nyumba ikikaa bila mtu siku 30 au 60. Soma mkataba wako kabla hujaondoka, na ukilazimika kuiacha tupu, nunua bima ya nyumba isiyokaliwa, zima maji kwenye mita, na mpe ufunguo mtu atakayeingia ndani kila wiki.

Kuhusu bei, naomba tuambiane ukweli. Katika miji ya kambi mnunuzi wako mara nyingi ni mwanajeshi mwenzako, na uwezo wake ni BAH yake. Msimu wa uhamisho ni Mei hadi Agosti. Nyumba ikivuka Agosti bila kuuzika, wanunuzi wengi wameshapata pa kukaa. Mwaka 2021 riba ilikuwa karibu asilimia 3 na nyumba zilikuwa zinagombaniwa. Oktoba 2023 ilikaribia asilimia 8. Bei ambayo jirani aliuzia 2021 haina uhusiano na pesa aliyonayo mnunuzi wa leo, hata kama nyumba yako ina jiko zuri kuliko lake. Ajenti mzuri atakwambia hivyo siku ya kwanza. Anayekutajia bei tamu ili umpe kazi atakuja kukuomba uishushe ukiwa umeshahama na umechoka.

Kuna suluhisho jingine ambalo ninalipinga kwa nguvu zangu zote: baba atangulie, mama abaki na watoto mpaka nyumba iuzike. Maisha ya jeshi yanatutenganisha vya kutosha kwa amri. Kutengana kwa hiari, kwa sababu ya dola elfu chache za bei, hapana. Mtoto anaanza mwaka wa shule kwingine, anahamishwa katikati ya muhula, na mama anazuiwa kupika samaki kwa sababu kesho kuna mteja anakuja kuangalia nyumba.

Kama bei ya leo haiwezi kumaliza deni, pangisha, na uamue hivyo mapema. Wengi wanaogopa kwamba wakipangisha watatozwa kodi kubwa siku ya kuuza. Sheria ya kodi inasamehe faida ya hadi dola 250,000 kwa mtu mmoja na 500,000 kwa wanandoa wanaojaza fomu pamoja, ukiwa umeishi humo miaka 2 kati ya 5 ya mwisho. Mwanajeshi aliyehamishwa kikazi mbali na nyumba hiyo anaweza kuomba ile miaka 5 isimame kwa muda wa hadi miaka 10. Utatozwa kodi kwa ule uchakavu wa nyumba uliokuwa ukiupunguza kwenye kodi ya kila mwaka ulipoipangisha, hilo ndilo la kukumbuka. Huko uendako panga kwanza, usinunue. Sheria ya SCRA ya 2003 inakuruhusu kuvunja mkataba wa upangaji ukipata uhamisho mwingine.

Na kama riba yako ni ile ya 2021, una kitu ambacho wanunuzi wanakitafuta sana: mkopo wa VA unaweza kuchukuliwa na mnunuzi ukiwa na riba ile ile, benki ikimkubali. Atakulipa taslimu tofauti kati ya bei na deni. Lakini dai barua inayokutoa kwenye deni, na ujue kwamba mnunuzi asipokuwa veterani, yaani aliyetumikia jeshi, anayeweka haki yake ya mkopo wa VA badala ya yako, fungu lako la haki hiyo litabaki limefungwa humo hadi mkopo ulipwe wote. Hilo litakubana siku utakapotaka nyumba nyingine.

Kabla vyombo havijapakiwa, nendeni wote wawili kwenye ofisi ya msaada wa sheria kambini. Hati ya uwakili wanakuandikia bure. Iwe maalumu, itaje anwani ya nyumba na uuzaji wenyewe, kwa maana ile ya jumla inaweza kukataliwa siku ya kusaini. Na siku hiyo hiyo kubalianeni na ajenti, kwa maandishi, bei itashuka tarehe gani na kwa kiasi gani, na ni tarehe ipi mtaiondoa sokoni na kumwingiza mpangaji.