Shemeji na Habu ya Gia Tatu

Kuna maumivu ambayo mtu hana pa kuyasemea. Nilikuwa nimesimama juu ya pedali za baiskeli, kilima kinanikodolea macho, nikatoka gia ya tatu kwenda ya pili, pedali zikaenda bure. Mwili ukashuka mzima mzima, bomba la fremu likanipokea. Likanipokea wapi, wanaume wenzangu wameshaelewa.

Habu ya gia tatu ya kizamani, ile yenye mitambo yote tumboni mwa gurudumu la nyuma, ina tabia hiyo waya ukilegea. Kati ya gia ya pili na ya tatu pana mahali ambapo klachi ya ndani haijashika huku wala kule. Dawa yake ni ndogo tu. Unaweka gia ya pili, unachungulia kwenye kitundu cha nati ya kulia, unarekebisha waya mpaka bega la kile kijiti chenye mnyororo mdogo lilingane na ncha ya ekseli. Mikono hata haichafuki.

"Shem, huo ni ukavu," akasema mume wa dada yangu kabla sijamaliza kusimulia. "Chuma kinalilia grisi."

"Ni kukaza waya tu, shemeji."

"Waya! Wewe ukiumwa tumbo unakaza mkanda?"

Hata kukaa sawasawa nilikuwa siwezi, sembuse kubishana. Akaifungua habu. Humo ndani kuna gia ya kati ya meno 20 isiyozunguka, imetulia kwenye ekseli. Gia ndogo nne zinaizunguka, na nje yake duara kubwa la meno 60 yanayotazama ndani. Ishirini kwa sitini ni theluthi, ndiyo maana kwenye gia ya tatu gurudumu huzunguka mara moja na theluthi kila sproketi, ile gia ya nje inayovutwa na mnyororo, ikizunguka mara moja, na kwenye ya kwanza robo tatu tu. Hesabu tamu kweli! Nikamweleza. Akaitikia "mm" huku akichota grisi kwa vidole vitatu, ile nzito ya beringi za magari, akaishindilia kila pembe kama anayeziba paa linalovuja.

Sasa, kinacholisukuma gurudumu ni vikucha: vipande vidogo vya chuma, kila kimoja kinainuliwa na springi nyembamba ili king'ate meno ya habu. Ile tiki-tiki unayoisikia ni vyenyewe. Vinapenda mafuta mepesi. Ukivizika kwenye grisi nzito vinalala usingizi wa pono.

Habu ikafungwa. Tiki-tiki hakuna.

"Unasikia ilivyotulia?" Shemeji akatamba, akapanda mwenyewe.

Akapiga pedali mbele, zikazunguka. Akapiga nyuma, zikazunguka. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote laini ajabu. Miguu inakwenda mbio, jasho linamchuruzika, baiskeli ipo palepale. Kisha ikaanza kulala upande, polepole, naye hajaacha kupiga. Hata alipofika chini mguu mmoja ulikuwa bado safarini.

Dada akatokea mlangoni. "Mwenzangu, unakwenda wapi?"

"Nafanya majaribio," akajibu kutoka chini ya baiskeli.

Ikabidi tufungue tena, tuoshe kila kitu kwa mafuta ya taa. Shemeji akiwa ameinamia kikucha cha mwisho, tukasikia *ting*. Springi imeruka. Tulipekua vitambaa, tukafagia sakafu, tukapitisha sumaku chini ya kabati. Shemeji akaapa imetoka nje dirishani, akatoka na tochi kuitafuta kwenye majani.

Aliporudi, dada alikuwa ameleta chai. Akamtazama mumewe usoni kwa muda, akanyoosha mkono, akachomoa kitu kwenye ndevu zake.

"Hiki nacho mnakihitaji," akauliza, "au nitupe?"