Nusu ya salamu

Mpwa wangu alinijia Jumapili baada ya alasiri, karatasi mkononi, mashavu yamemvimba kwa hasira. Yuko kidato cha pili, na si mtu wa kulialia. "Mjomba, hebu soma hili swali, kisha uniambie kama mimi ndiye mwenda wazimu."

Lilikuwa la yale mashindano. Mnayajua. Barua yake imezunguka kwenye magrupu ya wazazi tangu hapa Amu, yaani Lamu, mpaka Malindi, ina mchoro wa dunia na bendera zimepangwa kama za harusi. Mashindano ya Kimataifa ya Hisabati! Ada shilingi 2,500, maswali 30 ya kuchagua, dakika 60 mbele ya kompyuta. Anayefaulu hualikwa fainali ng'ambo, kwa nauli yake, malazi yake na chakula chake. Medali ukiitaka ya chuma badala ya picha kwenye simu, unaongeza pesa.

Swali lenyewe, nalitia kwa Kiswahili: Sherehe ina watu 9. Kila mmoja amepeana mkono na wenzake 3 kamili. Jumla ya salamu ni ngapi? Chagua 12, 14, 18 au 27.

Msichana hakuchagua. Nyuma ya karatasi yake ya kufanyia hesabu aliandika mistari minne, kwa Kiswahili, maana ndicho anachofikiria nacho akikasirika: "Kila salamu ina watu wawili. Nikimuuliza kila mtu amesalimia wangapi nikajumlisha, kila salamu nimeihesabu mara mbili, kwa hivyo jumla lazima iwe shufwa. 9 mara 3 ni 27, nayo ni witiri. Sherehe hii haipo."

Sherehe hii haipo! Niliisoma mara tatu. Hakufundishwa na mtu, kakaa akaona. Na mfumo ukampa sifuri. Jibu lao "sahihi" ni 14. Yaani mtu alichukua 27, akaigawa kwa mbili, akapata 13 na nusu, akaona heri aisogeze juu. Hiyo nusu ya salamu walipeana vipi, kwa kidole gumba? Katika watoto 11 walioingia darasani kwao, 7 walipata dhahabu. Yeye alipata fedha, kwa kupungukiwa na swali moja. Mnalijua ni lipi.

Niliandika malalamiko, kwa adabu (mke wangu alisimamia). Jibu lilikuja siku hiyohiyo: mzazi mpendwa, asante kwa kushiriki, matokeo ya mfumo hayabadilishwi.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaoambiwa hii ndiyo olimpiadi. Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati ilianza Romania mwaka 1959 kwa nchi saba. Leo huja zaidi ya mia. Kila nchi hupeleka watoto wasiozidi sita. Maswali ni sita, siku mbili, saa nne na nusu kila siku, kila swali alama 7. Hakuna a, b, c, d. Mtoto anapewa karatasi tupu aeleze *kwa nini*. Nchi husafirisha timu yake, lakini ikishafika, mwenyeji ndiye huilisha na kuilaza. Cape Town ilifanya hivyo mwaka 2014, mara ya kwanza mashindano hayo kukanyaga Afrika.

Lakini si hayo yanayonikosesha usingizi. Linaloniuma ni jinsi karatasi inavyosomwa. Viongozi wa timu hutangulia kufika, wakatengwa na watoto wao, wakakaa na maswali wakiyachambua neno kwa neno na kuyatafsiri, kila mmoja kwa lugha ya watoto wake. Swali la sherehe isiyokuwepo lingefia hapo mezani. Tuseme lingepenya: katika nusu saa ya kwanza ya mtihani mtoto ana ruhusa kuandika swali kuhusu maana ya maneno, linapelekwa kwa jopo la viongozi hao, naye hujibiwa. Mwanangu huyu angeandika, "Je, mna hakika ni watu 9?" na ukumbi mzima wa maprofesa ungepigwa na baridi.

Halafu mtihani ukiisha ndipo kazi inapoanza. Kiongozi wa nchi hukaa upande mmoja wa meza, waratibu wa mwenyeji upande wa pili, karatasi ya mtoto katikati, na hawainuki mpaka wakubaliane alama. Mtoto ameandika kwa lugha yake? Kiongozi anaeleza. Amekata mstari kisha akaandika pembeni wazo zuri lisilokamilika? Wanalitafuta wazo lile hata kwenye makorokoro. Wasipokubaliana, jambo linapanda juu, mpaka kwenye jopo lote likibidi. Watu wazima, wengine wenye mvi na shahada za uzamivu, wanabishania alama moja ya mtoto wa miaka kumi na sita ambaye wengine hawajawahi kumuona. Hiyo ndiyo heshima. Mistari minne ya mpwa wangu ingekuta msomaji pale, hata kwa Kiswahili. Huku kwetu haikuwa na hata pa kuiweka: kuna vishimo vinne tu vya kubofya.

Na medali hazimwagwi. Hupata karibu nusu ya washiriki, na dhahabu ni kama mmoja kati ya kumi na wawili. Maryam Mirzakhani wa Iran aliipata 1994, akairudia 1995 kwa alama zote 42, na 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa medali ya Fields, moja ya tuzo kubwa kabisa za hisabati duniani. Dhahabu yake na hizi saba za darasa moja zinaitwa jina moja. Haya.

Mtaniambia angalau watoto walishika hesabu wakati wa likizo badala ya simu. Kweli, nakubali, na nakubali shingo upande. Mtaniambia pia olimpiadi yenyewe ina upendeleo wake, kwamba nchi zenye kambi za mazoezi mwaka mzima huzoa medali na sisi twaenda kushangaa. Hilo nalo kweli. Wala walimu siwalaumu; mwenye vipindi thelathini kwa wiki atapata wapi muda wa kusoma ithibati, yale maelezo ya kwa nini?

Usiku ule nililipeleka swali kwenye baraza, kwa wazee wa bao. Mmoja, hajakaa kwenye dawati maishani mwake, alichukua kete tisa akazipanga chini, akawa anachora mistari ya salamu kwa kidole vumbini. Kahawa ilipoa. Alipofuta mara ya tatu alinitazama kama niliyemtania. "Daima kuna mmoja anabaki na mkono hewani. Watu hawa hawatoshi. Mtie wa kumi." Akaongeza kete, akachora, zikatoka salamu 15 safi. Hakunilipisha ada.

Kwa hivyo nimeamua hivi. Jumamosi tatu za likizo ijayo, ukumbini kwetu, maswali matatu tu kila mara, saa tatu nzima, penseli na karatasi. Mtoto aandike kwa Kiingereza, Kiswahili, Kiamu, akipenda achore. Kila karatasi itasomwa na watu wawili, na mtoto ataitwa aketi, aambiwe wapi alipoona na wapi alipopotea. Bendera hatuna. Kutakuwa na mahamri.

Ninachotafuta ni wasomaji. Walimu watatu nimewapigia simu: mmoja kakubali kabla sijamaliza sentensi, mmoja yuko Mokowe na anaulizia boti ya asubihi, wa tatu kaniuliza posho ni kiasi gani. Mpwa wangu yeye ameshatunga swali la kwanza, na amekataa kunionyesha jibu.