iPhone ya mtumba au Tecno mpya: ipi itadumu?

Hela inayonunua Tecno Spark mpya, ikiwa bado kwenye boksi na waranti ya Carlcare, huduma ya matengenezo ya Tecno, mara nyingi inatosha pia kununua iPhone XR ya mtumba iliyopitia Dubai. Ubishi huanzia hapo, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi. Mmoja anasema iPhone ni iPhone hata kama ilitoka 2018. Mwenzake anamuuliza kama yuko tayari kutembea na chaja kila aendako. Wote wana hoja, ila wengi huupeleka ubishi kwenye ugumu wa kioo, ipi ikianguka itapona, wakati simu nyingi huku kwetu hazifi kwa kuanguka. Zinakufa kwa betri iliyochoka, tundu la chaji lililolegea, memori iliyojaa, au programu inayogoma kwa sababu mfumo umepitwa. Kwa hiyo nikiulizwa ipi inadumu, nami huuliza: itaanza kuharibika wapi, na fundi wa mtaani ataitengeneza kwa shilingi ngapi?

La kioo tulimalize haraka. Mchanga mwingi una madini ya quartz, ambayo kwenye kipimo cha Mohs, ambako chenye namba kubwa huchubua chenye namba ndogo, yana ugumu wa 7. Vioo vingi vya simu huanza kuchubuka kwenye 6, viwe vya simu ya laki tatu au ya milioni tatu. Mfuko wa suruali wenye mchanga hautambui jina la kampuni. Kwenye kuanguka, iPhone XR ina fremu ya alumini, lakini ina kioo mbele na kioo nyuma, na hicho cha nyuma kimegandishwa kwa gundi kiasi kwamba mafundi wengi hukitoa kwa mashine ya leza. Tecno ya bei ya chini ina mgongo wa plastiki. Hauvutii machoni, na baada ya miezi sita umejaa michubuko, lakini haupasuki vipandevipande. Hapo Tecno imeshinda, tena bila jasho.

Maji nayo yana hadithi yake. XR ilitoka kiwandani na kiwango cha IP67, yaani mita 1 ya maji kwa dakika 30, na iPhone 11 ikapanda hadi IP68. Wauzaji huzitaja namba hizo kwa sauti kubwa. Wasichosema ni kwamba kiwango hicho hupimwa kwenye simu mpya na kwa maji safi, na Apple yenyewe inasema kinga hiyo hupungua kadiri simu inavyotumika. Simu ya mtumba ambayo imeshafunguliwa mara moja kubadilishwa betri au kioo imepoteza ule mpira mwembamba wa gundi unaozuia maji, na mafundi wengi hawaurudishi. Ichukulie kama simu isiyo na kinga yoyote, usije ukaiosha bombani kwa sababu uliona video.

Kuna jambo jingine ambalo wabishi wengi hawalijui, na linawahusu sana madereva wa bodaboda. Septemba 2021 Apple ilitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini za pikipiki zenye nguvu, ukipita kwenye usukani hadi kwenye simu, unaweza kuharibu kamera za iPhone. Sababu ni ule mfumo unaotuliza picha, ambapo lenzi huelea na kusogezwa na sumaku ndogo ili mkono ukitikisika picha isiharibike. Tecno nyingi za bei ya chini hazina mfumo huo. Kamera yake ni butu zaidi, ndiyo, lakini hakuna kitu kinachoelea ndani cha kutikiswa siku nzima kutoka Mbagala hadi Posta. Anayefunga simu kwenye usukani kufuata ramani ya wateja ana sababu nzuri ya kuikwepa simu ya gharama.

Sasa tuje kwenye betri, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. XR ina betri ya takriban mAh 2,900. Spark nyingi zina mAh 5,000. Kweli, iPhone hutumia umeme kwa ubahili na namba hizo hazilinganishwi moja kwa moja, lakini XR unayoinunua leo imeshatumika miaka. Apple ilisema betri za simu zake hadi iPhone 14 zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Anayechaji kila siku anafika huko ndani ya mwaka na nusu hivi. Joto nalo linaongeza mwendo: kampuni hiyo inashauri simu itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35, na daladala ya saa nane mchana mwezi Februari haijausikia ushauri huo.

Ndiyo maana mnunuzi wa iPhone ya mtumba hukimbilia kwenye mipangilio kuangalia asilimia ya afya ya betri. Ukikuta simu ya 2018 inaonyesha 100, usishangilie. Aidha betri imebadilishwa, jambo ambalo si baya kama ni betri nzuri, au fundi ametumia kifaa cha kuandika upya namba hiyo kwenye chipu ya betri, na hilo hufanyika. Njia ninayoiamini ni kuishika simu nusu saa, kucheza video mwanga ukiwa juu, na kuona asilimia zinashukaje. Muuzaji akikataa, jibu umeshapata.

Kwenye meza ya fundi tofauti inaonekana kwa macho. Tundu la chaji la Tecno nyingi limekaa kwenye kibao kidogo cha saketi peke yake, chini ya simu, kinachoshikwa na skrubu na kuunganishwa na mkanda mmoja mwembamba. Fundi anafungua mgongo kwa kadi ya plastiki, anatoa skrubu, anang'oa mkanda, anaweka kibao kipya, na mteja hajamaliza soda yake. Kwenye iPhone kama XR kazi ileile inapita kwenye kioo kwanza, kwa sababu hufunguliwa mbele, na kufika kwenye tundu kunahitaji kutoa vitu kadhaa njiani na kunyofoa utepe wa waya uliobandikwa. Inawezekana, hufanyika kila siku, ila gharama na hatari ya kuharibu kingine viko juu. Pia Apple imezoea kuifanya simu imtangaze fundi: badilisha betri isiyo yake kwenye XS au XR na ujumbe unatokea kwamba sehemu hiyo haitambuliki.

Lakini upande wa pili wa meza hiyohiyo una neno lake. Vipuri vya iPhone XR vipo kila kona, kwa sababu ni modeli moja iliyouzwa dunia nzima kwa mamilioni. Transsion, kampuni ya Shenzhen yenye Tecno, Infinix na Itel, hutoa matoleo mengi kila mwaka, na kioo cha Spark ya mwaka jana si lazima kiingie kwenye ya mwaka huu. Nje ya miji mikubwa, kioo cha toleo lisilouzwa sana kinaweza kukuchukua wiki kukipata. Tena XR ina kioo cha LCD, ambacho ni nafuu kuliko OLED ya XS, dada yake wa mwaka huohuo. Kwa hiyo anayesema iPhone haitengenezeki huku amezidisha.

Kwenye masasisho ya mfumo iPhone ilikuwa mbali sana, na bado iko mbele ya Tecno. XR ilipokea matoleo mapya kuanzia iOS 12 ya 2018 hadi iOS 18 ya 2024, ndipo iOS 26 ikaiacha 2025. Tecno ya bei ya chini mara nyingi hufa na toleo la Android ililozaliwa nalo, au likiongezeka ni moja. Hilo ni tatizo la kweli kwa simu inayobeba akiba yako ya M-Pesa, maana tundu la usalama lisilozibwa linabaki wazi. Hata hivyo, tusitishane. Mwaka 2025 WhatsApp ilikuwa bado inakubali Android 5, mfumo wa 2014, wakati kwa iPhone ilipandisha kiwango hadi iOS 15.1 mwaka huohuo na kuziacha iPhone 5s na 6 kando. Tecno yenye Android 13 haitazimwa kesho. Kitakachokusumbua kabla ya hapo ni memori: magrupu ya familia, ya vikoba na ya harusi yatajaza GB 64 kwa video za asubuhi njema, na simu yenye RAM ndogo, yaani memori ya kuendeshea programu, itaanza kufikiri kabla ya kufungua kila kitu. Afadhali Tecno nyingi zina nafasi ya kadi ya memori. iPhone haina, na haijawahi kuwa nayo.

Samsung ndiyo iliyouvuruga mchezo huu. Galaxy A16, simu ya daraja la chini iliyotoka mwishoni mwa 2024, iliahidiwa miaka 6 ya masasisho. Mimi naiamini ahadi, siiamini RAM ya GB 4 kwenye toleo lake dogo. Mfumo wa 2030 utaikuta hoi. Ukiweza kuongeza kidogo uchukue yenye RAM kubwa zaidi, hiyo ndiyo ningeichagua kuliko zote mbili tunazozibishania.

Suala la laini nalo lisipuuzwe. Watu wengi wana mtandao wa kupigia na mwingine wa kupokelea pesa. Tecno inabeba laini mbili bila maswali. XR inabeba laini moja na eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka, isipokuwa zile za soko la China na Hong Kong zenye nafasi mbili za laini. Na ukiletewa iPhone 14 ya Marekani kwa bei ya kuvutia, geuza ubavuni kwanza: hazina kabisa sehemu ya kuweka laini, ni eSIM tupu.

Kwenye vishikwambi hesabu inageuka, kwa sababu hakuna anayekitia mfukoni wala kukifunga kwenye usukani. Tanzania iliona kazi yake kwenye Sensa ya Agosti 2022, na baadaye vishikwambi vile vikagawiwa walimu. Kwa mtoto wa shule, iPad ya kizazi cha 9, ya 2021, ina faida ambayo watangazaji hawaitaji: kioo cha kugusa na LCD havijagandishwa pamoja. Mtoto akipasua kioo, fundi anabadilisha kioo tu, na skrini yenyewe inabaki. Galaxy Tab A9 ni ndogo, nyepesi, inakubali kadi ya memori, na inachajiwa kwa USB-C kama simu nyingine nyumbani, wakati iPad ile bado inadai waya wake wa Lightning, ambao nyumba yenye watoto watatu huununua mara nyingi kuliko inavyopenda. Kwa mtoto wa darasa la tatu ningechukua Samsung na kava nene la mpira. Kwa mwanafunzi wa chuo anayesoma PDF na kuandika kwa kalamu, iPad, hata ya mtumba, mradi betri yake umeipima mwenyewe.