Pipa la Nyumba Sita

Mimi sina ugomvi na umoja. Kaunti sita za Pwani, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, zina jumuiya yao, na lau wangeniuliza ningewaambia waanze na taka, maana taka hazijui mpaka. Chupa ikitupwa Tudor, mkono wa bahari hapa Mombasa, haiulizwi kitambulisho. Maji yakipwa hutoka nayo, yakijaa huirudisha, pengine kwa jirani.

Tena kwa haki, wenye deni ni sisi wa kisiwani Mombasa. Maji tunayoyangojea mferejini hutoka Mzima kule Taita Taveta, hutoka Baricho ya Kilifi, hutoka Marere ya Kwale. Wenzetu watuletea maji matamu, nasi twawarudishia chupa tupu.

Basi kichochoroni kwetu Kibokoni tukaona tuige. Nyumba sita, sawasawa na kaunti sita. Tukakaa barazani kwangu baada ya Isha, kahawa na kashata, na hadi saa nne tulikuwa tumekubaliana jambo moja tu: kahawa ilikuwa nzuri. Bi Mkubwa wa ghorofani hataki kulipa sawa na wengine, eti yeye aishi peke yake, taka zake ni kokwa za embe. Mwalimu mstaafu akamjibu kwamba hizo kokwa ndizo zialikazo nzi. Kijana wa tuktuk akauliza kama vijiti vya miraa ni taka au ni kuni.

Mwishowe tukachanga, shilingi 500 kila nyumba, mhazini mimi. Nikanunua pipa la buluu la lita 200, lenye mfuniko wa kubana, likaja kwa mkokoteni kama bibi harusi. Watu wakaliona zuri mno, wakaogopa kulichafua. Mifuko yao wakaiweka chini, kando ya pipa. Kunguru wakakaa juu ya mfuniko wakichagua pa kuanzia.

Na mifuko yenyewe ni ile ya plastiki, iliyopigwa marufuku tangu Agosti 28, 2017, faini hadi shilingi milioni 4! Tukitozwa mfuko kwa mfuko, tutauza nyumba zote sita na deni libaki.

Siku ya tatu maji yakakatika. Ya nne, hakuna. Ya tano muuza maji ya kisima, yale ya chumvi, akapandisha bei ya mtungi, nilipomuuliza akanitazama kama kwamba mimi ndiye niliyefunga bomba. Nyumbani nina ndoo mbili na watoto watano. Na pale nje pipa limekaa tupu, halijanusa hata ganda la ndizi. Sasa mwenzangu, mhazini kazi yake nini? Si kuhifadhi mali ya umma? Usiku wa sita nikalihifadhi.

Saa nane za usiku mfereji ukakohoa, ukatema kutu, ukatoa maji. Tulijaza hadi alfajiri.

Jana kukaitwa kikao cha dharura: pipa limekwenda wapi? Na ukumbi ni ule ule, barazani kwangu. Mwalimu akataka tupite nyumba kwa nyumba, nikasema hilo litavunja heshima ya ujirani, na kwa mara ya kwanza watu wakaniunga mkono. Bi Mkubwa akaona dawa ni moja tu, isomwe Halbadiri, mwizi avimbe tumbo. Nikaitikia amina, kwa sauti ndogo. Tumbo likaanza kunguruma papo hapo. Ni njaa, wallahi, sikuwa nimekula tangu mahamri ya asubuhi.

Chai ikaletwa. Kijana wa tuktuk akapiga funda, akaniangalia. "Ami, chai yako leo haina chumvi hata kidogo. Haya maji wapata wapi?"

Kabla sijajibu, mke wangu akachukua birika akaenda kuongeza. Baraza zima kimya. Na katika kimya kile, kutoka uani kwangu, sote sita tukasikia mfuniko wa kubana ukibanduka: bwaa!