Wakili wa kodi mtafute barua ikiwa bado mkononi

Yaani kuna kitu kinaniuma sana kwa wafanyabiashara wetu, mtu analetewa barua ya makadirio ya kodi anaisoma mara moja, anashika kichwa, alafu anaikunja anaitia kwenye droo. Shemeji yangu anauza spea Kariakoo, alifanya hivyohivyo. Akampa laki tano jamaa mmoja aliyemwambia "nina mtu wangu mle ndani, we tulia", akatulia kweli, mwezi wa tatu jamaa hapokei simu na akaunti ya duka haitoi hela. Hapo ndo akaja kuniuliza, hivi unamjua wakili wa kodi?

Shida ni siku. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakupa siku 30 tangu upokee barua uwe umeweka pingamizi kwa maandishi, na pingamizi halipokelewi hivihivi, lazima kwanza ulipe kiasi usichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Umeandikiwa milioni 30 na wewe unakubali 6, basi tafuta milioni 10. Wengi wanakata tamaa hapo, hawajui kwamba unaweza kumwomba Kamishna Mkuu wa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) akupunguzie hiyo amana au akuondolee kabisa kama una sababu za msingi, ila hilo ombi linataka mtu anayejua kuliandika, na mi naona hapo ndo hela ya wakili inafanya kazi yake. Pingamizi likikataliwa kuna Bodi ya Rufaa za Kodi, juu yake kuna Baraza la Rufaa za Kodi, mwisho Mahakama ya Rufani, na kote huko ukichelewa tu umeumia.

Ila sio kila deni linataka wakili jamani. Deni unalikubali ila hela huna? Nenda TRA mwenyewe kaombe kulipa kwa awamu, na uwahi maana riba haisubiri. Vitabu vimevurugika, anza na mhasibu. Na wakili anayepokea hela yako bila kuuliza risiti wala stetimenti za benki mi simwamini hata kidogo.

Shemeji mpaka leo analipa kidogokidogo. Alikuwa anapitisha hela za kikoba cha mkewe kwenye akaunti ya duka, zote zikahesabika mauzo, na daftari la kikoba lenye saini za wanachama wote lilikuwepo nyumbani muda wote huo, juu ya kabati.