Hasira za Januari, kosa la Agosti

Alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, niliamshwa na ujumbe wa rafiki yangu, mvuvi wa dagaa kule Igombe, hapa Mwanza. Ulikuwa wakati wa giza, wakati ambao dagaa hufuata taa, na usiku kucha alikuwa ziwani. Mtandao aliupata mtumbwi ulipokaribia mwalo. Akauliza: "Kaka, tumempata nani?"

Hatukumpata mtu. Dirisha la usajili la Januari la Ligi Kuu ya Uingereza lilikuwa limefungwa saa nane usiku kwa saa zetu, na Arsenal, timu yake na yangu, ilikuwa imemaliza mwezi mzima bila kusajili mchezaji hata mmoja. Nilimjibu hivyo hivyo. Hakuandika tena mpaka jioni, na alipoandika alikuwa bado hajapoa.

Siku mbili tu kabla ya hapo mji ulikuwa umejaa shangwe. Jumapili tuliifunga Manchester City mabao 5-1. Kwenye kibanda umiza ninachokwenda, Kirumba, watu walikumbatiana na wasiowajua, na bodaboda zilipiga honi mpaka Mabatini. Myles Lewis-Skelly mwenye miaka 18 alifunga, Kai Havertz akafunga, Ethan Nwaneri wa miaka 17 akapigilia la tano. Kesho yake usiku, watu wale wale waliokuwa wakiimba wakawa wanauliza uongozi unalala wapi. Mtu asiyetujua angesema mashabiki wa Arsenal hawaridhiki. Mimi nasema walikuwa na sababu, tena nzito, ingawa kuna mahali naachana nao.

Sababu yenyewe ni hii. Winga wetu Bukayo Saka aliumia msuli wa nyuma ya paja tarehe 21 Desemba, ugenini kwa Crystal Palace. Tarehe 7 Januari Newcastle wakaja kwetu kwenye nusu fainali ya Kombe la Ligi, wakatufunga 2-0. Siku tano baadaye, Kombe la FA, Manchester United walibaki 10 uwanjani, tukawabana golini kwao, tukakosa na kukosa tena, tukatolewa kwa penalti. Katika mechi hiyo hiyo Gabriel Jesus aliumia goti. Kuanzia usiku ule mshambuliaji wa kati aliyesalia alikuwa Havertz peke yake, na dirisha lilikuwa bado na wiki tatu. Haihitaji cheti cha ukocha kujua kwamba timu inayowania ubingwa haiwezi kutegemea miguu ya mtu mmoja.

Kilichofuata kiliwapa haki waliokuwa wamekasirika. Tarehe 5 Februari, siku mbili tu baada ya dirisha kufungwa, Newcastle walitufunga tena 2-0 na winga Gabriel Martinelli akatoka ameshika paja. Wiki moja baadaye, kambini Dubai, Havertz naye akaumia, na klabu ikatangaza kwamba hatarajiwi kucheza tena msimu ule. Mbalamwezi ilikuwa imejaa siku hizo. Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani mwezi ukiwaka, kwa sababu taa zao hazivuti kitu, kwa hiyo rafiki yangu alikuwa nyumbani anashona nyavu. Nilimkuta na sindano mkononi na simu imeegeshwa kwenye ndoo. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba alijua.

Kocha Mikel Arteta akamchukua Mikel Merino, kiungo, akamweka mbele. Merino aliingia Leicester tarehe 15 Februari akafunga mabao yote mawili, na baadaye alifunga hata dhidi ya Real Madrid. Namheshimu sana kwa alichofanya. Lakini katika siku chache zilizofuata tulifungwa 1-0 na West Ham nyumbani, tukatoka 0-0 na Nottingham Forest, na Liverpool, waliokuwa kileleni, wakaenda zao.

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa sababu kibandani hausikilizwi kabisa.

Arsenal haikukaa bure. Ilipeleka dau kwa Aston Villa ikimtaka mshambuliaji wao Ollie Watkins, Villa wakakataa. Wengi wetu tuliona huo ni ubahili: ongeza pesa, chukua mtu. Lakini hebu tuangalie walikokaa Villa. Siku hizo hizo walikuwa wanamuuza mshambuliaji mwingine, Jhon Durán, kwa Al-Nassr ya Saudi Arabia. Walikuwa kwenye Ligi ya Mabingwa. Kumwachia Watkins katikati ya msimu, kwa mpinzani wa ligi moja, ingekuwa sawa na kubomoa safu yao ya mbele kwa mikono yao.

Na watu wa Mwanza hatuhitaji kuelezwa hilo linavyouma. Mei 2017 Mbao FC, watoto wa hapa, walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakaisumbua Simba pale Dodoma mpaka dakika za nyongeza, wakafungwa 2-1. Kabla vumbi halijatulia, wakubwa wa Dar es Salaam walikwishafika. Pius Buswita akaenda Yanga; Jamal Mwambeleko na kipa Emmanuel Mseja wakaenda Simba. Siwalaumu wachezaji, maana mpira ndio kazi yao na maisha ni mafupi. Ila Mbao haikupata tena timu kama ile, na 2020 ilishuka daraja, mwaka mmoja na Alliance, jirani yake. Anayetoka Kirumba na kushangaa kwa nini Villa hawakuuza, amesahau kwamba sisi ndio tuliokuwa Villa.

Historia ya Januari nayo haina upande mmoja. Andrey Arshavin alikuja Arsenal kupitia dirisha la Januari 2009, na Aprili akafunga mabao manne peke yake Anfield, uwanjani kwa Liverpool. Leandro Trossard alikuja Januari 2023, baada ya Chelsea kutupiku kwa Mykhailo Mudryk, na leo hakuna shabiki wetu anayejuta. Beki Virgil van Dijk alitua Liverpool Januari 2018 akageuza klabu nzima. Lakini Januari hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea Denis Suárez kwa mkopo 2019, kijana ambaye hakuanza hata mechi moja. Ndiyo iliyowafanya Chelsea kulipa pauni milioni 50 kwa Fernando Torres 2011 na kumpata mtu aliyefanana naye sura tu. Muuzaji wa Januari anajua una njaa. Kwenye soko la Mwaloni ukionyesha una haraka na gari linakusubiri, bei ya gunia inapanda ukiwa umesimama pale pale.

Kisha kuna hoja ambayo inawapa shida sana waliodai kwamba tungenunua tungechukua ubingwa. Manchester City walifungua pochi mwezi ule. Omar Marmoush, Abdukodir Khusanov, Vitor Reis na Nico González wote walikuja dirisha lile, kwa gharama iliyokaribia pauni milioni 180. Wakamaliza wa tatu, pointi tatu nyuma yetu. Liverpool hawakununua mtu Januari. Wakawa mabingwa.

Nilipoyasema haya kibandani niliambiwa ninautetea uongozi. Sivyo. Nataka lawama iende mahali pake, na mahali pake si Januari.

Chukua jedwali la mwisho. Liverpool walimaliza na pointi 84, Arsenal 74. Timu zote mbili zilipoteza mechi nne. Liverpool sare 9, Arsenal sare 14. Sare tano zaidi, na kila moja inakuacha umekosa pointi mbili: ndizo zile 10. Ubingwa ulikwenda kwenye sare, kwenye mechi ambazo tulikuwa na mpira na hatukuwa na mtu wa kuutia wavuni. Sasa zihesabu zilitokea lini. Sita zilikuwa zimeshatokea kabla mwaka haujageuka. Mbili zilikuja Januari yenyewe, na Brighton na Villa. Sita zikaja baada ya dirisha kufungwa. Mshambuliaji wa Januari, hata angekuwa malaika, asingezirudisha sita za kwanza.

Hizo sita zina mzizi wake kwenye dirisha kubwa la 2024. Mwezi Agosti Arsenal ilimuuza Eddie Nketiah kwa Crystal Palace na Emile Smith Rowe kwa Fulham. Reiss Nelson na Fábio Vieira wakapelekwa kwa mkopo. Walioingia walikuwa beki Riccardo Calafiori na kiungo Merino, na siku ya mwisho Raheem Sterling kwa mkopo kutoka Chelsea pamoja na kipa wa akiba, Neto, kwa mkopo kutoka Bournemouth. Unamuuza mshambuliaji, hununui mshambuliaji. Jesus mwenye goti lililokwisha kufanyiwa upasuaji ndiye aliyekuwa akiba ya Havertz. Hapo ndipo nilipaswa kukasirika mimi, na wenzangu wote, na karibu hakuna aliyesema neno. Tulikuwa tunajadili jezi mpya.

Mikopo ile miwili ina jambo ambalo wengi hawakulijua. Ligi Kuu ya Uingereza hairuhusu klabu kuwa na wachezaji zaidi ya wawili kwa wakati mmoja waliokopwa kutoka klabu nyingine za ligi hiyo. Januari, pale kibandani, kilio kilikuwa Marcus Rashford, mshambuliaji wa Manchester United: Villa wamemchukua kwa mkopo, sisi tumeshindwa nini? Tulishindwa kwa sababu nafasi zetu mbili zilikuwa zimejaa, moja kwa Sterling aliyekuwa hachezi vizuri, nyingine kwa kipa wa benchi. Huenda ingewezekana kumrudisha mmoja. Kutofanya hivyo ni kosa la Januari, na hilo nawaachia uongozi bila kuwatetea. Lakini mlango wenyewe ulifungwa Agosti, kwa haraka, saa za mwisho.

Ongeza hapo kwamba Edu, mkurugenzi wa michezo, aliondoka Novemba 2024, na mrithi wake wa kudumu, Andrea Berta, hakutangazwa mpaka mwishoni mwa Machi. Klabu iliingia dirisha gumu kuliko yote bila mtu wa kudumu kwenye kiti cha usajili. Kulikuwa pia na kanuni za fedha za wakati ule, klabu isipate hasara ya zaidi ya pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, na Everton na Nottingham Forest walikuwa wamekwisha kunyang'anywa pointi msimu wa 2023/24. Hiyo naikubali kama sababu ya tahadhari. Siikubali kama jibu la kila kitu, kwa sababu pesa ya Nketiah ilikuwa imeingia.

Kwa nini basi hasira zilikuwa kubwa kiasi kile, huku kwetu, maelfu ya kilomita kutoka London? Nadhani ni kwa sababu ya tunachoweka. Mtu anayepakia magunia Mwaloni analipa kiingilio cha kibanda kila wiki, na mechi za Ulaya zinaisha usiku wa manane wakati alfajiri ana kazi. Hana kura kwenye klabu, hana hisa, hana tiketi ya msimu. Januari ndiyo mara pekee katikati ya safari anapoweza kuona kama walio juu wanataka kile anachokitaka yeye. Wasipofanya kitu, anasoma ukimya ule kama dharau. Kumwambia atumie hesabu ni sawa, lakini ni lazima kwanza ukubali kwamba alichoweka ni cha kweli.

Mpaka wa hasira hiyo kwangu ni mmoja. Baada ya Havertz kukosa penalti dhidi ya United, mke wake alitukanwa mitandaoni, na mtoto aliye tumboni akatishiwa. Hilo halina uchambuzi. Ni aibu.

Nikilinganisha na Pamba Jiji, timu ya hapa Mwanza, naona dirisha dogo lina kazi yake halali. Pamba ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya zaidi ya miaka 20. Timu iliyotoka chini haiwezi kujua Julai kiwango halisi cha ligi. Inajifunza kwa kufungwa. Ikaanza vibaya, ikaachana na Goran Kopunović, ikamchukua Fred Felix Minziro, ikaongeza watu dirisha dogo, ikabaki. Pale Kirumba tulikuwa na haki ya kudai usajili wa katikati ya msimu, kwa sababu udhaifu ulikuwa umejitokeza uwanjani. Udhaifu wa Arsenal ulijulikana mpira wa kwanza haujapigwa.

Julai 2025 Arsenal ilimnunua mshambuliaji Viktor Gyökeres kutoka Sporting, na Agosti ikamwongeza Eberechi Eze. Msimu ulikuwa na siku chache tu habari ilipokuja kwamba Havertz ameumia goti. Nilimpigia rafiki yangu wa Igombe. Giza lilikuwa limeingia, vijana walikuwa wanapakia taa mtumbwini, nikasikia injini inajaribiwa. Aliuliza atarudi lini, nikamwambia ni miezi. "Pole yake," akasema, kisha akaniaga, kwa sababu wenzake walikuwa wanamwita.